Nafsi ya Tatu

Katika mtaa mkongwe wa Al-Balad mjini Jeddah, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014, nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zimebeba madirisha ya mbao yaliyochomoza ukutani, yenye nakshi na matundu madogo madogo. Wenyeji huyaita rawashin. Moja lake ni roshan. Mswahili aliyetoka Mombasa au Unguja akilisikia jina hilo hutabasamu, kwa kuwa kwao pia ipo roshani. Ila akitazama kwa makini hutambua kwamba jina ni moja na mambo ni mawili. Roshani ya Mswahili ni mahali pa kutokea nje: mtu huketi akapunga upepo, akawaamkia wapita njia, nao wakamwona. Roshan ya Jeddah ni mahali pa kukaa ndani na kutazama nje bila ya kuonekana. Neno limevuka bahari likageuka upande, wala hakuna aliyeutangaza mgeuko huo.

Mkalimani mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Jeddah na kuishi huko zaidi ya miaka ishirini, huanza na roshani kila anapoulizwa ugumu wa kazi yake uko wapi. Wanaomuuliza hutarajia alalamikie Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mafaili katika hospitali nyingi za Saudia, na ambacho kina maneno chungu nzima ya mambo ya ndani ya mtu: "mind", "soul", "spirit", "reason", "consciousness", "insight". Yeye husema Kiingereza hakimtishi. Kiingereza ni mgeni, na mgeni akibisha hodi huulizwa ni nani na ametumwa na nani. Kiarabu ni jamaa, na jamaa huingia mpaka jikoni bila ya kuulizwa. Kuhusu Kiswahili chenyewe hunyamaza kidogo kabla ya kusema lolote. Jina lake halitajwi hapa, wala la hospitali, wala la mwanamke aliyemfunza kunyamaza huko.

Kabla ya ukalimani alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya watoto wa wageni mjini Jeddah. Kila mwaka aliandika ubaoni neno "mind", akawataka wanafunzi waliotoka Afrika Mashariki walitafutie Kiswahili chake. Wote walianza na akili, na wote walikwama mapema. Mtu aliyebadili "mind" yake hakubadili akili, amebadili nia. Aliyeambiwa aliweke jambo katika "mind" ameambiwa akumbuke. Mwenye amani ya "mind" ametulia moyo. Aliyetokwa na "mind" amerukwa na akili, hapo sawa. Lakini yule ambaye hana "mind" ukifungua dirisha hakusema kuwa hana akili, amesema tu kwamba halimkeri. Mwalimu alikuwa akiwaeleza kwamba hata kwa Waingereza neno hilo halikuzaliwa na sura hii. Katika Kiingereza cha kale lilihusu zaidi kumbukumbu, na alama yake imebaki katika "remind", yaani kukumbusha. Karne zilipita ndipo likawa jina la chombo kizima kinachofikiri, kinachotaka na kinachokumbuka. Mwanaisimu Anna Wierzbicka, katika makala yake ya mwaka 1989, alionyesha kwamba "mind" ya Kiingereza cha leo si mali ya wanadamu wote bali ni zao la utamaduni mmoja, na kwamba Warusi huligawa eneo hilo hilo kwa namna yao wenyewe.

Yupo mwanafunzi aliyeandika katika insha kwamba mchezaji wa mpira aligongwa kichwani akapoteza "conscience". Darasa lilicheka: mchezaji huyo hakuzirai, alipotewa na dhamiri. Mwalimu hakucheka sana, kwa kuwa alijua kosa hilo lina ukoo mtukufu. John Locke, katika kitabu chake juu ya ufahamu wa mwanadamu chenye tarehe ya 1690, alilitegemea sana neno "consciousness". Pierre Coste alipokitafsiri kwa Kifaransa, tafsiri iliyotoka mwaka 1700, alikuta Kifaransa kina neno moja tu, "conscience", kwa dhamiri na kwa kule kujitambua. Aliishia kulipasua kwa kistari, "con-science", akaongeza maelezo ya kujitetea. Katika hili Kiswahili kimebarikiwa kuliko Kifaransa: aliyezirai amepoteza fahamu, asiyejua haya hana dhamiri, na watu hawa wawili hawachanganywi.

Kwa hakika ramani ya Kiswahili ina miji yake. Akili ni ya kupanga na kupambanua, na kila mtu ana zake kama nywele, ndivyo isemavyo methali. Husemwa aghalabu kwa wingi, akili zake, kana kwamba mtu ana kundi zima la kuchunga. Roho ni uhai wenyewe, na ni tabia pia, njema au mbaya. Ndiyo iliyozaa mroho na uroho. Moyo hupenda, huthubutu na huvunjika. Nafsi ni yule mwenyewe, anayejisuta na kujipendelea. Ndiyo iliyozaa ubinafsi, na ndiyo iliyoipa jina shule ya binafsi. Katika manne haya, moyo peke yake ni wa Kibantu. Matatu yaliyobaki yalitoka Uarabuni zamani sana, hata Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 yalikuwa yamekwisha kuwa wenyeji. Wamishenari waliomfuata waliyapa kazi mpya: roho ikabeba "spirit", nafsi ikabeba "soul".

Wala kwa Waarabu maneno haya hayakuwa mepesi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipofika katika kitabu cha maajabu ya moyo, ndani ya Ihya, hakuanza na mawaidha. Alianza kwa kuyatenganisha maneno manne, nafs, ruh, qalb na 'aql, akieleza kwamba kila moja lina maana zaidi ya moja na kwamba ni wachache hata miongoni mwa wanazuoni wanaozishika tofauti zake. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wenye lugha, katika mji mmoja na kitabu kimoja, itakuwaje kwa neno lililopanda jahazi?

Ukalimani ulimjia mwalimu huyu kwa njia ya mahujaji. Jeddah ndiyo lango la Makka, na kila mwaka wazee wa pwani huteremka pale wakiwa na kisukari, miguu iliyovimba, na Kiarabu cha sala tu. Alianza kwa kuitwa na jirani, akaendelea kwa kuitwa na zahanati, na mwisho akawa anaitwa na hospitali, kwanza za Jeddah, kisha za Riyadh, umbali wa kilomita zipatazo 950 kwa barabara. Kufikia hapo waliomhitaji hawakuwa mahujaji tena, bali wanawake wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani, wale ambao wenyewe kwa wenyewe hujiita makadama.

Kanuni aliyofundishwa siku ya kwanza ni kwamba mkalimani wa hospitali husema kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema kichwa chaniuma, mkalimani hasemi kwamba kinamuuma, husema chaniuma. Akitaka kuuliza jambo kwa upande wake mwenyewe, hujigeuza nafsi ya tatu: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Hivyo "mimi" hupewa mgonjwa, na mwenye sauti hujitaja kama mtu wa mbali. Waswahili waliichukua nafsi kutoka Kiarabu wakaifanya istilahi ya sarufi. Waarabu wenyewe hawaitumii hivyo. Ila nafsi ya tatu wana jina lake, na jina hilo ni zito: gha'ib, asiyekuwapo.

Mwanamke aliyemkuta Riyadh alikuwa na miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa pwani ya Kenya, amebakiza miezi minne kumaliza mkataba wa miaka miwili. Alikuwa hali, halali, na analia akipiga pasi. Bibi wa nyumba alimleta kwa hofu, si kwa ukatili. Dereva alikuwa amemwambia kwamba anapelekwa 'iyada nafsiyya, kliniki ya maradhi ya nafsi. Naye, kwa masikio ya Kiswahili, akasikia kliniki ya binafsi, akawa anahesabu njia nzima ni miezi mingapi ya mshahara itakayokatwa kulipia. Alipomwona mama wa makamo aliyevaa leso chini ya abaya yake, alisema, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Akalia kabla ya kuulizwa lolote.

Faili lilikuwa limekwisha andikwa mambo matatu kwa Kiingereza, yaliyopatikana siku iliyotangulia katika mazungumzo ya Kiarabu cha jikoni, bibi wa nyumba akisaidia: kwamba anasikia sauti, kwamba ana fikra zinazomtawala, na kwamba hana "insight", yaani haoni kuwa ni mgonjwa. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja katika faili huwa na pahali yanapoelekea. Yanaelekea kwenye dawa nzito, kwenye wodi yenye mlango wa chuma, na kwenye tikiti ya ndege isiyo na mshahara wa miezi minne.

Mkalimani alianza kuyafungua, moja baada ya jingine, kwa ruhusa ya daktari, Mwarabu aliyesomea tiba kwa Kiingereza.

Fikra za kumtawala zilitokana na neno moja. Mwanamke alimwambia bibi yake, kwa Kiarabu alichojikusanyia, kwamba ana wasiwasi. Alidhani neno hilo, kwa kuwa ni la Kiarabu, lingefika salama. Lakini kwa Mswahili wasiwasi ni hofu ya mambo yajayo: mtoto hajala, ada haijalipwa, simu haijapokelewa. Kwa Mwarabu waswas ni mnong'ono wa shetani kifuani mwa mtu. Na kwa madaktari wa Kiarabu al-waswas al-qahri ni ugonjwa wenye jina, wa mtu asiyeweza kuacha fikra au kitendo, anayenawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Mwanamke alisema anamhofia mwanawe. Bibi alisikia shetani, na daktari akasikia ugonjwa. Kila mmoja alilielewa neno sawasawa, kwa lugha yake.

Inafaa kusemwa kwamba si kila ujamaa wa maneno ulimdhuru. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amemwambia bibi huyo, baada ya kugombezwa, kwamba ana hasira. Kwa Kiarabu hasra ni majonzi na majuto. Bibi alimwonea huruma, akampa siku nzima ya kupumzika. Huenda ndiyo siku pekee aliyofaidika kwa kutoeleweka.

Jambo la "insight" lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa limefanana na hekima. Daktari anapoandika kwamba mgonjwa hana "insight" hamtukani. Anapima tu kama mgonjwa anaitambua hali yake kuwa ni ugonjwa. Kwa Kiarabu cha tiba hilo huitwa istibsar, kutokana na mzizi ule ule wa kuona uliotupa sisi busara. Mkalimani asiyefikiri angeweza kumgeukia mwanamke yule akamwambia kwamba daktari anasema hana busara, na pangeharibika. Yeye aliuliza tu ni swali gani lililozaa hukumu hiyo. Ilikuwa kwamba mwanamke aliulizwa kama ni mgonjwa, akajibu la, ana mawazo tu. Faili likaandika kwamba anaukana ugonjwa wake.

Sasa, Mswahili anayesema ana mawazo hakusema kwamba anafikiri. Kila mtu anafikiri. Mwenye mawazo ni aliyelemewa. Anayekaa peke yake mkono shavuni. Ambaye jirani akimwona hupika uji akampelekea. Na ugonjwa, katika masikio ya mwanamke yule, ulikuwa ni homa, ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo jibu lake, kwamba si mgonjwa bali ana mawazo, lilikuwa ndilo hasa ambalo daktari alikuwa akilitafuta: alijitambua, tena kwa usahihi. "Thoughts" za Kiingereza hazina uzito huo. Ni nyepesi, hupita. Daktari alimwomba mkalimani amtajie herufi za neno hilo, akaliandika katika faili kwa mkono wake: m-a-w-a-z-o. Kulikuwa na tafsiri nyingine karibu yake, sonona, ambayo magazeti ya Kiswahili siku hizi huitumia kwa maradhi ya huzuni. Lakini mwanamke hakulitaja neno hilo hata mara moja, na mkalimani hakumtia kinywani.

Ilibaki sauti.

"Amesema anasikia sauti ya mtoto wake," daktari alisema. "Muulize kama anaisikia kweli."

Kwa Kiswahili mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu na husikia uchungu. Sikio ni mlango mmoja tu wa kusikia. Mkalimani aliinua mkono. "Mkalimani anaomba ufafanuzi," alisema, akaeleza jambo hilo kwa maneno machache. Daktari akamwachia aulize kwa namna yake.

"Mwanangu, wamsikia kwa masikio, ama wamsikia moyoni?"

Mwanamke alifikiri. "Mchana namsikia moyoni," alisema. "Usiku, lepe linaponichukua, namsikia hapa." Akagusa sikio lake la kulia. "Aniita, mama. Niinuke, nikute ni ukuta."

Mkalimani anakiri kwamba alitamani jibu liwe la moyoni peke yake. Lingekuwa jepesi kulitetea. Lakini alilitoa kama lilivyotolewa, masikio na ukuta. Daktari akauliza kama wakati huo mwanamke alikuwa macho au amelala, na swali hilo kwa mara moja lilivuka bila ya hasara, kwa kuwa Kiswahili kinajua sana mpaka baina ya kuwa macho na kusinzia. Akajibu kwamba ni baina ya hayo mawili. Daktari akaweka kalamu chini. Sauti zinazokuja mtu akiwa kwenye kizingiti cha usingizi huwajia watu wengi wazima, na daktari alilijua hilo. Akafuta mstari mmoja katika faili, akaandika mwingine.

Kikao kilikuwa kimekwisha, na mkalimani alikuwa amesharudisha kalamu kwenye mkoba, daktari alipouliza kama mgonjwa ana jingine la kusema.

"Roho yangu imechoka, mama," mwanamke alisema.

Mkalimani alimgeukia daktari akasema kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza kama kanuni inavyotaka, kwamba nimechoka sana. Daktari alitikisa kichwa kwa kuelewa, akaandika dawa ya usingizi, akaagiza kwamba mwanamke apewe simu aongee na mwanawe kila jioni, na kwamba arudi baada ya wiki mbili. Bibi wa nyumba akamchukua wakaondoka.

Basi la Jeddah liliondoka Riyadh jioni. Njia hiyo hukata jangwa usiku kucha, na alfajiri huwakuta abiria upande wa Taif, kabla barabara haijateremka kuelekea bahari. Taif ndiko ilikojengwa hospitali ya kwanza ya maradhi ya akili katika Saudia, mwaka 1952, mahali panapoitwa Shihar, na jina la mahali hapo lilishika katika vinywa vya watu hata mtu akimwona mwenzake amefanya upuuzi humtania kwamba wa Shihar huyo. Basi liliposimama kwa sala, mkalimani alikuwa bado hajalala. Mambo matatu ya faili hayakumsumbua. Lililomsumbua ni lile la nne, ambalo halikuwamo.

Roho yangu imechoka. Mama yake mwenyewe, Mombasa, alikuwa akiyasema maneno hayo kila Ijumaa baada ya kufua, akijipiga kiunoni, kisha akaagiza chai. Mkalimani aliyasikia Riyadh kwa sauti ya mama yake. Hakuinua mkono, wala mkalimani hakuomba ufafanuzi. Alipopewa wasiwasi alisimama, alipopewa busara alisimama, alipopewa kusikia alisimama. Alipopewa neno la nyumbani kwao alipita nalo moja kwa moja, kwa kuwa hakuliona kama neno. Ipo na sababu ya pili, ambayo huitaja kwa shida: alikuwa amemtoa mwanamke katika faili moja, na hakutaka kumtia katika jingine.

Je, roho iliyochoka ni mwili uliofua nguo nyingi? Au ni uhai usiotaka tena kubebwa? Kwa Kiswahili ni yote mawili, na hakuna kamusi iwezayo kuamua. Anayeweza kuamua ni aliyesema.

Saa mbili asubuhi, akiwa ameshafika nyumbani kwake Jeddah, alimpigia mhudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali ile, akasema kwamba amekosea. Ni jambo ambalo wakalimani hawapendi kulisema, kwa kuwa kazi yao yote imesimama juu ya kuaminiwa. Mhudumu hakumkaripia. Mchana huo huo bibi wa nyumba alimrudisha mwanamke kwa daktari, na mkalimani akaunganishwa kwa simu, sauti tupu katika chumba asichokuwamo.

"Mwanangu," alisema, "jana ulisema roho yako imechoka. Sikukuuliza una maana gani."

Kwa muda hakukusikika kitu. "Nilingoja uniulize," mwanamke alisema. "Kisha nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kwetu, amefahamu."

Mkalimani alitakiwa kumtafsiria daktari maneno hayo pia, na aliyatafsiri, kwa nafsi ya kwanza: nilingoja uniulize. Kisha mwanamke akaeleza. Kulikuwa na usiku aliotamani asiamke. Hakutaka kujidhuru, na alilirudia hilo mara mbili. Alitamani tu usingizi usiwe na mwisho, ili sauti isimkute akiwa macho. Daktari aliuliza tangu lini, mara ngapi, na kama hujiwa na njia yoyote ya kulitimiza. Yalikuwa maswali ya wazi, ya maneno mafupi, na yote yalijibiwa.

Alilazwa kwa siku kadhaa, si katika wodi ya mlango wa chuma. Mkataba ulivunjwa kwa maelewano, mshahara wa miezi aliyofanya kazi ukalipwa, wa ile minne iliyosalia haukulipwa, naye akarudi kwao. Mkalimani hajui zaidi ya hapo, wala hakustahiki kujua.

Analo daftari la kurasa ngumu alilolianza zama za ualimu, lenye safu tatu: Kiingereza, Kiarabu, Kiswahili. Mbele ya "mind" safu ya Kiswahili imejaa mpaka pambizoni. Mbele ya waswas ameandika onyo kwa wino mwekundu, na mbele ya istibsar vilevile. Baada ya safari ile aliongeza ukurasa wa mwisho ambao hauna Kiingereza wala Kiarabu. Ni orodha ya maneno ya nyumbani tu: roho imechoka, moyo umekufa, akili zimehama, nafsi imekataa. Safu ya tafsiri ameiacha tupu. Mahali pake, mbele ya kila moja, kwa herufi zile zile ndogo alizozoea kusahihishia madaftari ya watoto, ameandika neno moja: muulize.